Mlango Unaotazama Magharibi

Mjukuu wangu, korosho zikipata bei mnadani mwaka huu, utaletewa kazi nyingi kuliko mikono yako. Ndivyo Nalasi ilivyo, na Tunduru yote kwa jumla: malipo ya stakabadhi ghalani huanza kuingia kuanzia mwezi wa kumi, na mtu aliyeishi na mlango wa bati miaka yote huamka siku moja akitaka wa mninga, wenye maua, unaong'aa, na autake kabla mvua hazijashika. Utafurahi, na una haki ya kufurahi. Ila kabla hujapokea arubuni ya mtu, nisikilize juu ya huo mng'ao. Uchongaji wako sina neno nao. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu nilipokuwa rika lako. Lakini mng'ao ndio utakaokuletea wateja au lawama baada ya miaka miwili, na naona vijana wengi wa karakana za barabarani wanaufanya jambo la dakika za mwisho, kopo lenyewe limenunuliwa kwa chenji iliyobaki.

Pita kijijini uitazame milango ya nje iliyopakwa vanishi misimu miwili iliyopita. Juu, chini ya upenu, vanishi imekaa vizuri tu. Shuka na macho hadi kwenye kizingiti: hapo imepasuka, inabanduka magamba, na mbao iliyofichuka imegeuka kijivu, mahali pengine ina madoa meusi. Mwenye nyumba atakuambia aliuziwa vanishi feki. Mwenye duka atasema fundi alitia tapentaini nyingi mno. Fundi atasema mbao haikukauka. Huenda kila mmoja ana kipande cha ukweli. Lakini wewe chukua gamba moja lililobanduka, ligeuze, ulitazame mgongoni. Utaona vinyuzi vya mbao vimeng'ang'ania pale. Vanishi haikuiachia mbao. Mbao ndiyo iliyoachana na mbao mwenziwe, na vanishi ikaondoka na kile ilichokuwa imekishika.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mbao ni nyuzi za selulosi zilizogandishwa na kitu kiitwacho lignini, ambacho ni karibu robo ya mbao kwa uzito, zaidi au pungufu kidogo kulingana na mti. Jua lina mwanga tunaouona na mionzi ya urujuanimno tusiyoiona, na hiyo ya pili ndiyo adui mkubwa wa lignini. Haizami mbali, haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Lakini hapo juu inapopiga huikata lignini vipande vipande, na maji yakija huviosha, nyuzi zikabaki hazina cha kuzishika. Ndio ule ukijivu wa nguzo za ua zilizokaa miaka. Sasa vanishi angavu, kwa kuwa ni angavu, huiacha mionzi hiyo ipite hadi kwenye mbao. Kwa hiyo uharibifu huanzia chini, usipopaona, huku juu bado pananawiri. Siku unapouona ufa wa kwanza, mambo yalishaharibika zamani.

Rangi ya mafuta hudumu kuliko vanishi kwa sababu hiyohiyo. Chembe za rangi zinaziba mwanga usifike kwenye mbao. Hazina uzuri wa mninga, lakini zina kivuli. Mteja anapokuambia anataka auone mninga wake, anakuomba ulipe jicho njia, na njia hiyohiyo ulinyime jua. Inawezekana kwa kiasi, kwa gharama, na si kwa kopo lolote lililo mbele ya rafu.

Basi swali lako la kwanza kwa mteja lisiwe ua gani anataka lichongwe. Muulize mlango unatazama wapi. Sisi huku tuko kwenye nyuzi kama 11 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Oktoba jua linapita utosini, na linapita tena baada ya katikati ya Februari. Kati ya tarehe hizo linakuwa kusini kwetu, lakini huo ndio wakati wa mawingu na mvua. Kuanzia Machi hadi Oktoba liko kaskazini, na miezi mingi ya hapo anga ni jeupe, hakuna wingu la kukusaidia. Kwa hiyo mlango wa kusini ndio wenye bahati. Wa kaskazini unapigwa kiangazi kizima. Wa magharibi ndio mbaya kuliko yote: jua la alasiri linakuja chini chini, linaingia barazani hadi miguuni mwa waliokaa, na linaikuta mbao imeshapata joto tangu adhuhuri. Mlango unaotazama magharibi bila kivuli usiupake vanishi angavu kisha ukaahidi chochote. Mwambie mwenye nyumba waziwazi, hata akikasirika.

Kivuli ndicho dawa ya kwanza, na hakiuzwi kwenye kopo. Mwezi wa Juni, adhuhuri, jua linapokuwa mbali kabisa kaskazini, hapa kwetu huinuka kiasi cha nyuzi 55 kutoka upeo wa macho. Upenu uliotoka mita moja na nusu, ukingo wake ukiwa usawa wa juu wa mlango, utaufunika mlango wa mita mbili wote saa hiyo. Upenu wa mita moja utafunika mita moja na kidogo chini ya nusu, na kizingiti kitabaki juani, ndiyo maana vanishi huanza kufa pale. Nyumba za nyasi za wazee wetu zilikuwa na baraza pana pande zote, na watu wakadhani ni ya kukalia tu. Siku hizi kijana akirudi kutoka Dar es Salaam anataka paa la kujificha nyuma ya ukuta, nyumba inasimama wima haina hata kofia, halafu anaagiza mlango wa mninga wa milioni na zaidi kwenye ukuta ulio uchi. Sina ugomvi na mitindo. Ila mlango ule utapakwa upya kila mwaka, na aliyeuagiza lazima ajue hivyo kabla, si baada.

Kwa upande wa magharibi upenu peke yake hautoshi, kwa sababu jua la saa kumi linapita chini yake. Panda mti, au jenga ukuta mfupi wa matundu, au fanya baraza la kina kirefu. Ukienda Unguja, pita Mji Mkongwe, ule ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Watu husimama kustaajabia nakshi za milango. Wewe ukifika, inua macho utazame vichochoro: vyembamba, nyumba ndefu huku na huku, jua linagusa mlango muda mfupi kisha linaondoka. Na mlango wenyewe umewekwa ndani ya ukuta mnene wa mawe ya matumbawe. Sifa ya mbao na ya fundi ipo, lakini kivuli nacho kina sehemu yake, na hakuna anayekipiga picha.

Sasa turudi kwenye fedha za korosho, kwa sababu ndizo zinazokufanya ufanye kazi wakati mbaya. Oda zinakuja Novemba na Desemba. Mvua zinaanza wakati huohuo na hazituachi hadi Aprili. Mbao unayoinunua siku hizo mara nyingi imepasuliwa juzi, na hewa yenyewe imejaa unyevu. Unairanda, unaiunga, unaipaka. Unyevu uliomo ndani unataka kutoka, jua likiwaka kati ya mvua mbili unasukuma vanishi kutoka nyuma, na malengelenge yanatokea. Ifikapo Julai mbao imesinyaa, viungo vimefunguka uzi mmoja, na vanishi iliyokuwa imevuka juu ya kiungo imekatika. Maji ya mvua ya mwaka unaofuata yana mlango wake wa kuingilia.

Geuza mwaka wako, mjukuu wangu. Fedha utakazopata msimu huu, sehemu yake inunulie mbao za mwakani, zenye kibali na alama ya nyundo ya misitu, zisije zikakutia matatani na watu wa TFS, wakala wa misitu. Zipange mwezi wa Mei, chini ya paa, juu ya matofali, vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Vichwa vya mbao vipake rangi yoyote iliyobaki karakanani, visikauke haraka vikapasuka. Mninga hukauka polepole lakini kwa adabu, haupindi ovyo, na ukishakauka hauchezi sana mvua ikirudi. Ndiyo maana hakuna mti wa kwetu ninaoupendelea zaidi kwa milango. Mkongo nao ni imara, mzito zaidi, lakini una rangi ya manjano ndani ya vitundu vyake inayotoka kwa unyevu na kuchafua, na una mafuta yake yanayoweza kuchelewesha vanishi kukauka. Ukiupaka, ufute kwanza kwa kitambaa chenye tapentaini, uache ukauke, ndipo upake.

Utajuaje mbao imekauka bila kile kipimo cha betri? Kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni, kipake vichwa, kipime kwenye mizani ya dukani, andika uzito kwa penseli juu yake. Kirudishe kwenye rundo. Kipime tena kila wiki. Kikiacha kupungua, mbao imefikia hewa ya mahali hapa. Ubao wenye unyevu unaozidi asilimia 20 unakaribisha kuvu, na hakuna vanishi itakayokaa juu yake.

Kuna desturi moja ya karakana zetu ninayoichukia, ingawa naelewa sababu yake. Fundi akimaliza mlango anausimamisha nje kando ya barabara, mtupu bila kupakwa, ili wapita njia wauone na mteja ajichagulie rangi. Unakaa pale wiki, unakaa mwezi, jua na vumbi na manyunyu. Kisha anakuja mnunuzi, unapakwa siku hiyohiyo, unachukuliwa. Huko Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani ina maabara ya serikali ya mazao ya misitu iliyofunguliwa mwaka 1910, na moja ya mambo waliyoyapima kwa makini ni hilo: mbao iliyorandwa ikikaa nje uchi kwa majuma machache tu, rangi itakayopakwa baadaye haishiki kama ilivyopasa. Ushauri wao ni isizidi wiki mbili. Na jua lao si hili letu. Jicho halioni tofauti yoyote, mbao bado ni nyekundu na nzuri, lakini ngozi yake ya juu imeshaanza kulegea. Kwa hiyo weka mlango wa maonyesho ndani, au upake mkono wa kwanza kabla ya kuutoa. Na kama umechelewa, piga msasa upya hadi upate mbao mpya, kisha paka siku hiyo.

Tuje kwenye kopo. Nyinyi vijana mmezoea sandingi sila na klia za fanicha, zile za kupuliza kwa kompresa, kwa sababu zinakauka ukiwa unatazama na zinang'aa kama kioo. Kwa kabati na kitanda sina neno. Kwa nje ni hasara. Klia zile hugeuka ngumu na kavu, mbao ikivimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi haziwezi kuifuata, zinapasuka. Sandingi sila ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu imetiwa unga laini wa kurahisisha msasa, na unga huo unaidhoofisha ikutanapo na maji. Umeweka safu dhaifu kati ya mbao na vanishi, halafu unashangaa vanishi imebanduka ukurasa mzima.

Kwa nje unataka vanishi yenye mafuta mengi, laini, inayonyumbuka. Asili yake ni vyombo vya baharini. Mlingoti na foromali hujipinda upepo ukijaa tanga, na vanishi ngumu ingekatika safari ya kwanza, ndipo mafundi wa huko Ulaya wakapika inayojipinda pamoja na mti. Kwenye maduka ya Songea ukiuliza vanishi ya nje au ya boti utaonyeshwa. Soma kopo: tafuta herufi UV, maana yake imetiwa dawa ya kuimeza ile mionzi kabla haijafika kwenye mbao. Dawa hiyo nayo huchakaa, haikai milele, na hufanya kazi kwa unene; tabaka jembamba lina dawa kidogo. Ndiyo maana mikono miwili niliyokuona ukipaka kwenye dirisha haitoshi. Wajenzi wa boti huanzia mikono sita, wengine hupita minane. Kwa mlango wenye baraza nzuri nitakukubalia minne. Chini ya hapo unapaka harufu.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi, nusu vanishi nusu tapentaini, uingie ndani. Wa pili uwe na tapentaini robo. Kuanzia wa tatu paka kama ilivyo kwenye kopo. Kati ya mkono na mkono uache ukauke kabisa, pitisha msasa wa 220 au laini zaidi, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu wa tapentaini. Kabla ya mkono wa kwanza, kinyume chake, usiilainishe mbao mno: msasa wa 120 unatosha kwa kazi ya nje, uso uliosuguliwa hadi ukawa kioo haupi vanishi pa kushika. Usitumie ile sufi ya chuma kusugulia. Vipande vyake hubaki kwenye vitundu, vinashika kutu, na chuma kikikutana na maji ya mbao zetu huacha madoa meusi yasiyotoka. Kwa sababu hiyohiyo skrubu na bawaba za nje ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Usipake juani. Usipake asubuhi pia, ingawa asubuhi ina utulivu, kwa sababu mbao inaanza kupata joto, hewa iliyomo kwenye vitundu inatanuka na kutoka, inakuachia vipovu. Subiri mchana ugeuke, mbao iwe inapoa kivulini, vanishi itanyonywa badala ya kusukumwa. Lakini maliza mapema, umande wa Juni na Julai ukitua juu ya vanishi mbichi utakuta asubuhi imefifia. Na mwagia maji sakafu ya karakana kwanza; vumbi letu jekundu halina heshima kwa mtu.

Sasa mahali ambapo mafundi tisa kati ya kumi huacha mlango wazi kwa maji: chini. Mlango ukishatundikwa hakuna anayeuona ukingo wake wa chini, basi haupakwi. Lakini pale ndipo vichwa vya mbao za wima vilipo, na kichwa cha mbao hunywa maji mara nyingi zaidi kuliko ubavu wake, kwa sababu mishipa ya mti imekatwa pale, iko wazi. Mvua ikipiga barazani, mlango unakunywa kutoka miguuni, na vanishi ya mbele inabanduliwa na maji yaliyopitia nyuma. Kabla hujatundika, ulaze, vipake vichwa vyote hadi vikatae kunywa, juu na chini, na matundu ya kitasa, na vitanda vya bawaba. Kisha kona zote kali zifanye mviringo kidogo kwa msasa, milimita mbili tatu. Kwenye kona kali vanishi hujivuta ikawa nyembamba, na ufa wa kwanza huzaliwa hapo.

Kuna njia ya katikati ambayo wateja wetu hawaipendi mpaka waione. Vanishi yenye rangi kidogo, ya kahawia au nyekundu, ambayo bado inaonyesha mistari ya mbao. Rangi hizo mara nyingi ni oksidi ya chuma iliyosagwa laini sana, kitu kilekile kinachoupa udongo wa huku wekundu wake, na inaizuia ile mionzi kwa uvumilivu kuliko dawa za kwenye vanishi angavu. Paka mkono mmoja au miwili ya hiyo chini, halafu angavu juu. Usiifanye nyeusi sana, kwa sababu uso mweusi juani hupata joto kali na joto nalo lina mambo yake. Nikichagua mimi kwa mlango wa kaskazini, nachagua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Mafuta matupu je? Mafuta ya kitani yaliyopikwa huingia ndani, hayafanyi ngozi, kwa hiyo hayabanduki. Hufifia tu, nawe unapaka tena kwa kitambaa bila kukwangua chochote. Ni mazuri kwa benchi, kwa mlango wa uani, kwa mtu aliye tayari kuyarudia mara kwa mara. Ila palipo na unyevu na giza huota ukungu mweusi, kwa sababu kwa kuvu mafuta hayo ni chakula. Mafuta ya nazi hayakauki, yanabaki yakinata na kushika vumbi. Oili chafu ya gari iwekee marufuku kwenye karakana yako: haikauki, inachafua udongo na mikono ya watoto, na mbao iliyoionja haitashika vanishi tena maishani. Utomvu wa ganda la korosho nao watu huuuliza. Wavuvi wa pwani ya India wamepaka mitumbwi yao kwa huo tangu zamani, na Wajapani wana vanishi inayopikwa kutokana nao, kwa kuwa mkorosho ni wa ukoo mmoja na ule mti wao wa kupakia vyombo. Ni dawa nzuri ya mguu wa nguzo unaozikwa ardhini penye mchwa. Lakini ni mweusi, haukuonyeshi mninga, na unaunguza ngozi kama unavyowaona wabanguaji wanavyolinda vidole. Usiuguse bila glavu.

Na kuna kuacha. Benchi la mninga chini ya mwembe, lisilopakwa kitu, litageuka kijivu na litakaa. Wale wa Madison walikadiria kwamba mbao laini za kwao, zikiachwa uchi wima, hupungua kiasi cha milimita 6 kwa miaka 100. Hata ukizidisha kwa jua letu, mjukuu wangu, kinacholiua benchi lako ni mchwa na miguu iliyokaa kwenye matope. Liweke juu ya mawe, uachane na vanishi.

Nimekaa pwani miaka yangu ya ujana, na lililonifundisha kazi hii kuliko jingine lolote ni deheni. Jahazi likija kupwelewa, mabaharia walilikwangua tumbo, wakalipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na mbao za juu wakazisugulia sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Halafu likarudi majini, na baada ya miezi likapandishwa tena, wakafanya yaleyale. Hakuna nahodha aliyemdai fundi deheni ya kudumu daima. Ilihesabiwa katika gharama ya chombo, sawa na tanga na kamba. Huko Norway lipo kanisa la mbao la Borgund, lilijengwa mwishoni mwa karne ya 12, bado limesimama. Ukuta wake umepakwa lami ya msonobari, na ukapakwa tena, kizazi baada ya kizazi. Wateja wetu wa Nalasi wanadhani wamenunua mng'ao. Hakuna aliyewaambia kwamba walichonunua ni mwanzo wa mng'ao, na sisi mafundi ndio tulionyamaza.

Basi usinyamaze. Unapopanga bei ya mlango wa nje, weka ndani yake safari moja ya kurudi, kabla ya mvua za mwaka unaofuata, na uiandike kwenye risiti. Nunua daftari, andika mlango wa nani, unatazama wapi, kopo gani, mikono mingapi, mwezi gani. Ukifika, uoshe kwa maji na sabuni laini, uache ukauke, kisha nyunyizia maji kidogo. Yakikaa kwa matone, nenda zako nyumbani, umefanya kazi ya bure na imekujengea jina. Yakitandaa na mng'ao umefifia lakini hakuna ufa, pitisha msasa mwepesi, paka mkono mmoja au miwili, nusu siku imekwisha. Ukikuta ufa na ukijivu, umechelewa; hapo ni kukwangua hadi kwenye mbao nzima na kuanza upya, kazi ya siku nyingi, na kila unapokwangua unaondoa mbao ya mti ulioanza kukua kabla baba yangu hajazaliwa. Tofauti ya bei kati ya kurudi mapema na kurudi kwa kuchelewa mwonyeshe mteja kwa hesabu, mbele yake, kwa kalamu. Watu wa korosho wanajua hesabu. Wanapulizia salfa kila msimu kabla ugonjwa haujaonekana, hawasubiri maua yakauke ndipo wakaulize dawa, hawatashindwa kukuelewa.

Akikataa safari ya kurudi, mwambie apake rangi ya mafuta, na umfanyie kazi nzuri ya rangi bila kinyongo. Mlango wa kijani uliopakwa vizuri ni bora kuliko mninga uliobabuka.

Mambo mawili ya usalama halafu nakuacha. Vumbi la mninga na la mkongo hukera kifua, wapo mafundi waliopata pumu ukubwani kwa sababu yake. Funga kitambaa kizito puani au nunua barakoa, na usafishe karakana kwa maji, usifagie vumbi likiwa kavu. La pili ni matambara ya mafuta ya kitani. Ukiyakunja na kuyatupa kwenye pembe yakiwa mabichi, mafuta yanapokauka hutoa joto, joto linafungiwa ndani ya mkunjo, na yanaweza kuwaka yenyewe usiku bila mtu kuwasha kiberiti. Karakana yako ina maranda hadi magotini na paa la nyasi. Yatandaze nje kwenye kamba, moja moja, mpaka yawe makavu na magumu, au yatose kwenye ndoo ya maji kabla hujafunga mlango jioni.